Injini Isiyokubali Kutulia

Pembeni mwa kambi ya zamani ya wafanyakazi wa mgodi, pale Panda, njia ya udongo mwekundu inapoikuta barabara ya lami iliyobaki vipande, kuna benchi refu ambalo zamani lilikuwa kiti cha nyuma cha basi. Kule mjini Likasi wako wanaosimama mchana kutwa mbele ya wauza magazeti wakibishana bila kununua, na watu huwaita Bunge la Kusimama. Hawa wa Panda, kwa kuwa magoti yao yamechoka, wakajiita Bunge la Kukaa. Msemaji mkuu ni mzee Stanislas, fundi umeme wa kampuni ya shaba enzi king'ora chake kilipokuwa bado kinaita watu kazini, ndiyo maana anaitwa Volti. Mpinzani wake ni Kalombo, muuza mitumba anayehubiri kila anapokuta watu wawili, jina lake Pasta Bila Paa, maana kanisa lake halijapata bati. Kahawa ni ya mama Tausi, mjane wa watu wa Maniema, anayeipika na tangawizi na kuimimina bila maneno mengi. Na siku hiyo mbele ya benchi ilisimama Toyota nyeupe ya teksi, boneti wazi, na mwenyewe Mansour, mtoto wa mama Tausi, alikuwa amekalia gurudumu la akiba kama mtu aliyekaa matangani.

— Washa, alisema Michée, fundi wake, kichwa kikiwa ndani ya boneti.

Mansour aliingia, akazungusha ufunguo. Injini ikashika mara moja, sauti nzuri, nene. Akaachia mguu. Hapo ndipo ugonjwa ulipoanza: ikapanda ikalia kama mtu aliyekanyagwa, ikashuka, ikapanda tena, ikashuka, ikatetemeka, ikazima.

— Tena.

Ikapanda, ikashuka, ikazima.

— Moteri iko muzima kabisa, Michée akasema, akijifuta jasho kwa kiwiko. Njo ile capteur ya papillon tu. Minye nilisema tangu mwanzo.

Kwa asiyejua mambo ya mafundi: kwenye koo la injini kuna kibati cha duara kinachofungua na kufunga hewa, nao wa Likasi hukiita papillon, kipepeo. Ubavuni mwake kinakaa kidude cheusi cha plastiki, ndiyo hiyo capteur. Kazi yake ni kuiambia kompyuta ya gari mguu wa dereva umekanyaga kiasi gani, na zaidi ya yote kuiambia kwamba mguu umeachia, sasa tulia. Injini ya kwanza ya Mansour, iliyokufa kwa joto kwenye mlima wa njia ya Kambove, capteur yake ilikuwa na nyaya nne. Hii aliyoinunua Lubumbashi kwa akiba yake yote, capteur yake ina nyaya tatu, na waya unaokosekana ndio ule wa kusema mguu umeachia. Michée alijaribu kuivalisha capteur ya zamani kwenye papillon ya injini mpya. Matundu ya skurubu hayakukutana. Akayapanua kwa tupa mpaka yakakutana. Lakini mhimili wa kipepeo kipya unazungukia upande mwingine, naye akaulazimisha kidogo, kidogo tu, plastiki ikalia ka! ikapasuka. Tangu hapo anaungaunga nyaya zile tatu, leo hivi, kesho vile, na gari halijui mguu uko wapi.

— Minye nitakuambia shida, Volti akasema, akiweka kikombe chini ya benchi ili mikono yote ipate kuzungumza. Ile moteri ilitengenezewa gari ya uskani wa kuume. Weye umeitia mu gari ya uskani wa kushoto. Sasa kila kintu inazunguka kinyume. Papillon inazunguka kinyume. Capteur inasoma kinyume. Ukikanyaga, yeye anafikiri umeachia.

— Mzee Volti, moteri haijue uskani iko wapi, Michée alijibu.

— Nani anakuambia? Umeiuliza?

— Papa Stanislas, tuambie dawa basi, Mansour akasema. Ugonjwa tunaujua.

— Dawa ni nyepesi. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Muweke capteur mbili! Ile iliyopasuka na ile mupya. Moja ikikosa, ingine inasema.

— Iliyopasuka itasema nini?

— Itasema nusu yake.

Pasta Bila Paa alicheka kwa pua. Alikuwa amelitazama gari muda mrefu, akizunguka upande huu na ule kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba ngeni.

— Munahangaika na nyaya, akasema. Muniambie kwanza: mwenye wa kwanza wa hii moteri, kule Japani, alikufa namna gani?

— Nani alisema alikufa? Michée akauliza.

— Moteri muzima inauzwa sababu ya nini? Mwenye gari alikufa, tena alikufa mguu yake ikiwa ku pedali. Na mpaka leo ile mguu iko inakanyaga. Weye Mansour unaachia, yeye haachie. Njo maana inapanda. Akichoka, inazima.

— Na kama alikufa anafunga breki? Volti akauliza.

— Hiyo Mungu njo anajua.

— Basi haujue.

— Paka akiondoka panya hutawala, Pasta akasema kwa sauti ya mimbari. Mwenye gari ameondoka!

Hakuna aliyeelewa paka ni nani hapo, lakini Pasta alikwisha kuinuka, akaweka kiganja juu ya injini, akafumba macho, akaanza kuiamuru imwachilie marehemu. Chuma kilikuwa bado cha moto. Aliruka akipuliza vidole, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo watu wakacheka, hata Michée. Mansour hakucheka. Mama Tausi, bila kuinua uso, alimsogezea Pasta kopo la maji baridi.

— Minye najua, Volti alianza upya, maana kicheko kilimtia nguvu. Ni hii udongo yetu. Panda yote chini ni shaba. Umeme inapenda shaba. Ile kompyuta inatuma maneno kwa capteur, maneno inashuka ku udongo, haifike. Muende mujaribu gari Lubumbashi, mutaona itatulia.

— Na tutafika Lubumbashi namna gani, mzee, kama haitulie? Michée akauliza.

— Polepole. Mwenda pole hajikwai.

— Yangu inajikwaa sababu ya pole, Mansour akasema.

Wote walijua anasema nini.

Ilikuwa juma lililopita. Mansour alikuwa amejipa moyo kwamba gari litakwenda hivyo hivyo, mguu mmoja kwenye breki na mwingine ukigusa mafuta, hata penye kusimama. Akapakia abiria wa Shituru. Alipofika kwenye reli, mwanamke aliyebeba beseni la mihogo akakatiza mbele yake. Akaogopa, akaachia mafuta, akakanyaga breki. Gari likazima katikati ya reli. Akazungusha ufunguo, likashika, likapanda, likazima. Akazungusha tena. Upande wa kiwandani honi ya treni ikalia. Abiria walitoka kwa milango, wengine kwa madirisha. Mama mmoja mjamzito alivutwa kwa mikono mpaka kanga ikabaki kitini. Vijana waliokuwa njiani wakalisukuma gari, na treni ya mabehewa ya madini ikapita nyuma yao polepole, dereva wake akitukana kwa Kifaransa. Hakuna aliyeumia. Lakini kwenye kituo cha teksi neno lilifika kabla ya Mansour mwenyewe. Gari lake likapewa jina, Jeneza Nyeupe, na wenzake wakamwambia kwa upole asijipange kwenye foleni mpaka alitengeneze. Hata angejipanga, nani angepanda?

— Ile siku ni Mungu, Pasta akasema kwa sauti ndogo.

— Ile siku ni vijana wa kusukuma, Michée akajibu.

Mama Tausi akamimina kahawa kwa kila mtu. Alipofika kwa mwanawe, alisimama kidogo kabla ya kumimina, macho yake yakienda kwenye buti ya gari. Mansour alijua ameona. Asubuhi ya leo, akidhani mama yake yuko msalani, alikuwa ameweka humo viatu vya mpira, taa ya kichwani na kamba.

Lori la wachimbaji wa Kambove hupita Panda mchana. Mkubwa wa kikundi, Elie, alikuwa amemwambia Mansour kwamba nafasi iko, mtu mmoja amerudi kwao, lakini haitangoja. Zamani, kabla ya gari, Mansour alikuwa mchimbaji, yeye na kaka yake Amisi, shimo moja, kamba moja. Kisha mvua zikanyesha, ukuta wa shimo ukalegea, na Amisi akabaki chini. Walimtoa wakamzika, na baada ya kumzika mama Tausi hakulia mbele za watu; aliuza mashine ya kushonea na dhahabu yake ya ndoa, akaongeza kile Mansour alichokuwa nacho, wakanunua gari. Hakumwapisha mwanawe. Alimkabidhi ufunguo tu, akasema: "Utatembea juu ya udongo." Watoto wa Amisi walilala kwake, wakala kwake, wakavaa sare za shule kwa nauli za hiyo Toyota.

— Musikie, Volti akasema, naye sasa alikuwa amesimama, na maneno yake yalikuwa yakienda mbio kama yanamkimbia mtu. Nimepata. Tutoe kompyuta yote. Gari za kwetu za zamani zilikuwa na kompyuta? Ilikuwa kamba, na chemchemi, na mutu. Tufunge kamba ku papillon, ipite mu dirisha, Mansour anavuta na mukono. Mukono inajua kuachia kuliko mguu!

— Na uskani anashika na nini?

— Na mukono ingine.

— Na vitesi?

Pasta akasema vitesi, yaani gia, angeweza kuzishika abiria wa mbele, kama ni mtu wa kuaminika, tena aliyebatizwa. Wakaanza kubishana abiria wa namna hiyo angelipa nauli nzima au nusu. Mansour aliwasikiliza kama anavyosikiliza mtu mvua juu ya bati. Aliwapenda wazee hawa. Walikuwa wamekaa naye siku zote hizo gari lilipokuwa wazi, hawakumkimbia kama wale wa kituoni. Lakini alianza kuona kwamba kila neno lao lilikuwa la kuzuia kimya, na kwamba kimya kile kilikuwa chake.

Wakati huo akafika mwanamke kijana aliyeshika chupa ya chai. Aliitwa Reine; amepanga chumba kambini si zamani, na alikuwa ametumwa kutafuta kahawa ya watu waliokuja kumpongeza jirani aliyejifungua. Akasalimia wote, wazee kwanza, akampa mama Tausi chupa. Kahawa ilipokuwa ikimiminwa, alitazama gari, akatazama kile kidude kilichopasuka ambacho Michée alikuwa akikigeuzageuza kiganjani.

— Hii ilitoka mu moteri ya kwanza? akauliza.

— Ndiyo, mama.

— Ku moteri ya kwanza ilikuwa inaenea, inakaa sawa?

— Ilikuwa inaenea muzuri sana.

— Ilikuwa imeshikilia ku nini?

— Ku papillon yake.

— Sasa hiyo papillon yake iko wapi?

Aliuliza kama mtu anavyouliza bei ya nyanya. Hakuwa anajua lolote la magari. Alitaka tu kuwa na la kusema wakati chupa inajaa. Lakini Michée aliacha kugeuza kidude. Volti akatafuta kikombe chake chini ya benchi ingawa alikuwa nacho mkononi. Pasta akaangalia vidole vyake vilivyoungua.

Reine akadhani amekosea, akaomba msamaha, akalipa, akaenda zake.

— Michée, Mansour akasema.

Michée aliingia ndani ya boneti, akapima kwa vidole bolti nne zinazoshika papillon mpya kwenye koo la injini, akatoka, akaingia tena, akapima tena.

— Michée!

— Bolti ni zile zile, Michée akasema, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Nafasi yake ni ile ile. Minye nilikuwa naangalia capteur tu, ndugu yangu. Capteur, capteur. Tungetoa papillon ya zamani yote pamoja na capteur yake juu, tungeifunga hapa, ingeenea. Kazi ya asubuhi moja.

Mansour alisimama. Kwa muda, kifua chake kilifunguka kabisa, akahisi hata harufu ya tangawizi, ambayo siku nyingi hakuisikia.

— Basi tuende tuichukue!

Hapo ndipo akakumbuka, na aliwaona wengine wanakumbuka pamoja naye. Siku injini mpya ilipofika kutoka Lubumbashi ilikuwa kama arusi. Injini ya zamani ililala pale pale penye benchi, na kila mtu alisema huo ni mzoga. Volti ndiye aliyesema alumini ina wateja. Pasta ndiye aliyeleta mkokoteni. Michée alichomoa ile capteur peke yake, akaitia mfukoni, akasema vingine vyote ni takataka. Na Mansour mwenyewe, kwa furaha, aliwauzia wayeyushaji wa upande wa Shituru vyote kwa pamoja, akanunua samaki wa barafu waitwao tomson, na mama yake akapika bukari, ugali wa huko, wakala wote hapa hapa, wakilamba vidole, wakiombea injini mpya maisha marefu.

— Mupigie François, Volti akasema. Labda hajaigusa. Wale bantu wa kuyeyusha wanakusanyaka kwanza.

Michée akapiga simu, akaiweka sauti wazi, wakainamisha vichwa juu yake. François, muyeyushaji, alipokea kwa furaha. Nyuma yake ilisikika nyundo.

— Ile moteri ya Mansour? Ah, niliyeyusha ile siku ile ile, moto ilikuwa tayari. Alumini ya muzuri! Ilitoa masufuria mazuri sana, yote iliuzwa ku soko. Munatafuta sufuria? Naweza kuwafanyia ingine.

— Hapana, Michée akasema. Aksanti, ndugu.

Akazima simu. Nyundo ikanyamaza nayo.

— Tulijua namna gani? Volti akasema. Sauti yake ilikuwa ya mzee sasa, haikuwa ya msemaji. Nani alijua?

— Hakuna, papa Stanislas, Mansour akajibu. Hakuna aliyejua.

— Nitaenda Lubumbashi, Michée akasema. Kule kwa wanaochinja magari nitazunguka. Nitapata papillon kama ile. Nitapata tu, ndugu yangu.

— Utapata.

— Nakuapia.

— Najua, Michée. Utapata.

Lakini wote wawili walijua kwamba papillon kama ile haipatikani bure, na kwamba nyumbani unga ulikuwa wa kukwangua. Michée akageuka, akaanza kukusanya funguo zake moja moja, akiziweka kwenye mfuko bila kuzipanga. Mansour alimshika begani kidogo, kisha akaenda nyuma ya gari, akafungua buti, akatoa viatu, taa na kamba.

Pasta Bila Paa akainuka ili aombe. Akanyosha mikono, akaiona kamba, akashusha mikono, akakaa.

Lori lilikuja likivuta vumbi lake, wanaume wamejaa juu, nguo zao zina rangi moja na barabara. Elie akatoa kichwa dirishani.

— Mansour! Unapanda ao hapana?

Mansour alimwendea mama yake. Mama Tausi alikuwa amechutama kwenye mkaa, mgongo ukiwa upande wa lori. Hakumwambia asiende. Angesema hivyo, ingempasa aseme pia watoto wa Amisi watakula nini jioni. Alinyosha mkono, akamfunga mwanawe kifungo cha shati cha juu, kile ambacho hafungi kamwe, akaushusha mkono.

— Kamba ni ya nani? akauliza.

— Yangu, mama. Mupya.

— Uiangalie kila asubuhi.

— Ndiyo, mama.

Alipanda. Wanaume wakamsogezea nafasi bila kumuuliza kitu, kama watu wanavyomsogezea mfiwa. Kutoka juu ya lori aliiona Toyota yake nyeupe, kinywa wazi, na Michée akishusha boneti taratibu, kwa mikono miwili. Aliwaona wazee wawili wamekaa mbalimbali kwenye benchi, na nafasi katikati yao. Volti alikuwa akimnyoshea mama Tausi kikombe kitupu, si kwa kiu. Kwa kukosa la kufanya.

— Kahawa imeisha, mama Tausi akasema. Muende kwenu.

Lori likaondoka. Birika ya kahawa ilikuwa juu ya mkaa, na hata kutoka kule juu Mansour aliiona imejaa mpaka shingoni, ikifoka mvuke. Wazee nao waliiona. Volti akaweka kikombe chini, Pasta akachukua kofia yake, na hakuna aliyebisha.